Hofu ya Kushindana na Dawa Yake

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wetu katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, baada ya chakula cha mchana)



Kamati iliponiandikia kuniomba niseme machache leo, ilinipa uhuru wa kuchagua jambo lolote ninalolijua kwa vitendo. Wengi wenu mnafahamu kwamba kazi yangu ni ya ofisi ya serikali, na bila shaka mmejiandaa kusikia habari za mafaili, bajeti na pensheni. Naomba radhi. Nataka kuzungumza juu ya michezo ya kompyuta, na hasa juu ya hofu inayomshika mtu mzima, mwenye mke na watoto na shahada ya chuo kikuu, anapotakiwa kucheza mchezo wa mikakati kwa njia ya intaneti na mtu asiyemjua, aliyeko pengine upande wa pili wa dunia.

Naona mnacheka. Chekeni tu. Hata mimi ningecheka kabla halijanifika.

Mchezo wenyewe unaitwa Age of Empires II. Ulitoka mwaka 1999, ukafanyiwa matengenezo makubwa na kutolewa upya mwaka 2019. Mimi niliuona mara ya kwanza nilipokuwa chuo kikuu. Kwa kawaida mchezaji huanza na jumba moja la mji, wanakijiji watatu, na mpanda farasi mmoja wa kupeleleza. Ghalani ana chakula 200, mbao 200, dhahabu 100 na mawe 200. Kumpata mwanakijiji mmoja zaidi kunagharimu chakula 50 na sekunde 25. Kwa mali hiyo kidogo hana budi kulima, kukata miti, kuchimba madini, kujenga, kuandaa askari, na kuivusha nchi yake kutoka enzi moja hadi nyingine, huku mpinzani wake akifanya hayo hayo mahali asipopaona. Mtu yeyote aliyewahi kukaa katika kikao cha bajeti atauelewa mara moja. Ukitumia chakula chote kwa askari, kesho huna wa kulima. Ukitumia chote kwa wakulima, adui atakukuta huna hata mkuki mmoja. Mimi hupenda kuwachezea Waethiopia, walioingizwa katika mchezo huo mwaka 2015 pamoja na Wamali. Kila wavukapo enzi hupewa chakula 100 na dhahabu 100 za ziada, nami kama mtumishi wa umma napenda sana nyongeza isiyohitaji kuombwa kwa barua.

Basi, mchezo huu waweza kuucheza peke yako ukipambana na kompyuta yenyewe, au waweza kuingia katika intaneti ukapambana na binadamu. Katika kupambana na kompyuta nilikuwa hodari. Nilijua njia zake zote na nilimshinda kila jioni niliyopenda. Lakini kipo kitufe kingine, cha kutafuta mpinzani katika mechi zinazohesabiwa alama. Kwa muda wa miaka miwili kitufe hicho sikukibonyeza hata mara moja.

Nilikuwa nakaa mbele ya kompyuta saa tatu usiku, watoto wamelala, kazi za siku zimekwisha. Nasogeza kipanya mpaka juu ya kitufe. Moyo unaanza kwenda mbio na vidole vinapata baridi. Hapo ndipo ninapokumbuka kwamba umeme huenda ukakatika, kwamba intaneti ya leo ni hafifu, na kwamba kesho kuna kikao cha mapema. Nafunga kompyuta, naenda kulala, nikijiambia kwamba juma lijalo nitakuwa nimejiandaa vizuri zaidi.

Nilidhani ugonjwa huu ni wangu peke yangu. Kumbe unafahamika sana. Mwaka 2010 ulipotoka mchezo mwingine wa mikakati uitwao StarCraft II, wachezaji walipangwa katika ngazi kufuatana na ushindi wao, na wengi sana wakajikuta wamenunua mchezo lakini wanaogopa kuipanda ngazi. Wakaipa hali hiyo jina: hofu ya ngazi. Mwaka 2013 waliotengeneza mchezo huo waliongeza mechi zisizohesabiwa, ili mtu aweze kupambana na binadamu wenzake bila kuiweka nafasi yake rehani. Kwa hiyo, ndugu zangu, wako watu wengi duniani, wenye akili timamu na mikono yenye nguvu, wanaotetemeka mbele ya kitufe.

Aliyenizindua mimi ni mwanangu wa kidato cha pili. Alikuwa na mtihani wa muhula, nami nilikuwa nimetoka kumpa hotuba ndefu juu ya ujasiri: asiogope, ajaribu, mtihani ni karatasi tu. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba, naomba kuuliza. Mbona wewe kila siku unacheza na mashine tu?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia akalale. Lakini swali hilo lilinirudisha hapa shuleni, na hapa, Ndugu Mwenyekiti, ndipo penye jambo ambalo sijapata kumwambia mtu.

Wale wa rika langu mtakumbuka drafti yetu ya bweni. Ubao tulichora kwa kalamu nyuma ya boksi. Kete zilikuwa vizibo vya soda, huyu akivilaza kifudifudi na yule chali. Tulicheza baada ya chakula cha jioni mpaka kengele ya kusoma, watazamaji wamejaa juu ya vitanda, kila mmoja akishauri, kila mmoja akitania. Nilikuwa mchezaji mzuri. Sijisifu, waliokuwepo wanajua. Na pale bwenini sikupata kuogopa hata siku moja, maana ulishindwa ukachekwa, ukaondoka, akakaa mwingine, na kesho yake hakuna aliyekumbuka nani alimshinda nani.

Mwaka 1998 shule ya jirani ilitualika kwa mashindano ya kirafiki ya mpira wa miguu, mdahalo na drafti. Nikateuliwa mimi upande wa drafti. Jumamosi asubuhi, lori limekwisha washwa, nilikwenda zahanati ya shule nikasema tumbo linaniuma. Nilipewa vidonge, nikavitupa nyuma ya bwalo. Mwenzetu mmoja, ambaye alikuwa hajanishinda hata mara moja, akapanda lori badala yangu. Alicheza mechi tatu akashindwa zote tatu. Jioni nikiwa nimejifunika shuka nilisikia lori linarudi, nao wanaimba, na sauti yake ikiwa juu kuliko zote.

Tangu siku ile, ndugu zangu, kwa zaidi ya miaka ishirini na tano, nimekuwa nikijiambia kimoyomoyo kwamba ningekwenda mimi tungeshinda. Sasa angalieni jinsi hofu inavyofanya kazi. Sisi tunadhani hofu inatuzuilia ushindi tu. Kumbe inatupa kitu pia, na ndiyo maana tunaikumbatia. Inatupa ushindi wa kufikirika ambao hakuna awezaye kutunyang'anya. Yule aliyepanda lori alijua kiwango chake ifikapo saa kumi jioni. Mimi niliyebaki kitandani nilibaki bingwa mpaka leo, bingwa wa mechi ambazo hazikuchezwa. Na mbele ya kompyuta yangu nilikuwa nikifanya yale yale. Kumshinda mpinzani nisingeogopa, na hata kushindwa kwenyewe kulikuwa si kitu. Nililokuwa nikiliogopa ni kupimwa.

Nilipolitambua hilo nikaanza kutafuta dawa. Nitawaeleza mambo matatu yaliyonisaidia, maana naamini yanafaa hata kwa asiyejua kompyuta ni nini.

La kwanza ni kuufahamu mzani wenyewe. Alama zinazotumika katika michezo hii zina asili ya hesabu iliyobuniwa na Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu huko Milwaukee, Marekani. Aliitengeneza kwa ajili ya sataranji, na Shirikisho la Sataranji la Dunia likaanza kuitumia mwaka 1970. Katika mchezo ninaocheza mimi kila mtu huanza na alama 1000. Wawili wakiwa sawa kwa alama, kila mmoja anatarajiwa kushinda nusu ya mechi zao. Mmoja akimzidi mwenzake kwa alama 200, anatarajiwa kupata kama ushindi 76 katika mechi 100. Akimzidi kwa 400, kama 91. Ukishinda, alama zinapanda na unatafutiwa mpinzani mgumu zaidi. Ukishindwa zinashuka, na unatafutiwa aliye rahisi zaidi.

Nilikaa na karatasi nikalitafakari jambo hili kama mtu anayekagua hesabu, na nikaona ajabu. Mtambo huu hauna nia ya kunishindisha wala kunishinda. Nia yake ni kunitafutia mtu tunayelingana. Ukifanya kazi yake vizuri, nitashindwa karibu nusu ya mechi zangu maisha yangu yote, niwe mzembe au niwe hodari. Hodari naye hushindwa nusu, ila anashindwa na mahodari wenzake. Kwa hiyo nikishindwa leo hakuna kilichoharibika, mzani unapima. Na ile nambari niliyoiogopa kama hukumu ina kazi moja na namba ya kiatu. Mwenye kuvaa namba 41 hamwonei haya mwenye kuvaa 43. Namba humsaidia kupata kiatu kisichombana wala kumpwaya, naye akaenda safari yake.

La pili ni kuufahamu mwili. Mwaka 1908 wataalamu wawili wa Marekani, Yerkes na Dodson, walichapisha majaribio yao juu ya panya wanaojifunza. Fundisho ambalo watu wamelipata tangu hapo ni kwamba mwili ukichangamka kazi huwa bora, mpaka kufikia kiasi fulani, na ukizidi hapo kazi huanza kuharibika, hasa ikiwa kazi yenyewe ni ngumu. Basi mapigo ya moyo si adui. Mwanzoni nilikuwa najilazimisha kutulia, nikijiambia, "Tulia, tulia," na kadiri nilivyojiamrisha ndivyo nilivyozidi kutetemeka. Baadaye nikasoma utafiti wa Alison Wood Brooks wa chuo kikuu cha Harvard, uliotoka mwaka 2014. Aliwapa watu kazi za kuogofya, kama kuimba mbele ya mtu, kuhutubia na kufanya hesabu kwa haraka. Aligundua kwamba wale waliojiambia wana hamu na kazi ile walifanya vizuri kuliko wale waliojiambia watulie. Sababu yake twaweza kuifahamu. Kutoka kwenye hofu mpaka kwenye utulivu ni safari ndefu, bali hofu na hamu ni majirani wa ukuta mmoja, moyo unapiga vile vile. Siku hizi nikikaa mbele ya kitufe nasema kwa sauti, "Nina hamu." Mke wangu alishangaa siku za kwanza, sasa amezoea. Na kabla ya kusimama hapa leo nimelisema pia, pale nje, karibu na bomba la maji.

La tatu ni kubadili lile unalolihesabu. Nilinunua daftari la shule. Kabla ya kila mechi naandika jambo moja tu ninalotaka kulifanya sawasawa, kwa mfano, kuhakikisha jumba la mji halikai bure bila kuzalisha mwanakijiji katika dakika kumi za kwanza. Mechi ikiisha, kabla ya kuangalia alama, najiuliza kama nimelifanya. Mchezo huu huhifadhi kumbukumbu ya kila mechi, nawe waweza kuitazama upya hatua kwa hatua, hata yale aliyokuwa akiyafanya mpinzani gizani. Mara nyingi nimekuta kwamba niliposhindwa, sikushindwa kwa sababu ya yule adui mkali niliyemwogopa mwishoni. Nilishindwa kwa sababu dakika ya tano niliwasahau wanakijiji wanne wamesimama karibu na mti, hawana kazi. Jambo kama hilo linarekebishika. "Mimi si hodari" halirekebishiki, wala si kweli kwamba ndilo lililotokea.

Sasa mtauliza, nilipobonyeza kitufe ilikuwaje? Ilikuwa hivi. Ilikuwa Ijumaa usiku. Mikono ilitetemeka mpaka nikajenga nyumba mahali nisipotaka. Niliwasahau wanakijiji, nikachelewa kuvuka enzi, na wapanda farasi wa mpinzani wakaingia shambani mwangu wakati mimi nina askari watatu. Muda haukupita mambo yakawa yamekwisha. Kuna desturi nzuri katika michezo hii kwamba anayekubali kushindwa huandika herufi mbili, gg, maana yake mchezo ulikuwa mzuri, naye mshindi hujibu vivyo hivyo. Nikaziandika. Yule mtu nisiyemjua akajibu. Nikainuka, nikaenda jikoni kunywa maji. Nyumba ilikuwa pale pale, watoto wamelala vile vile, na jokofu likinguruma kama kawaida yake. Nilisimama pale na bilauri mkononi nikistaajabu kwamba jambo nililoliogopa miaka miwili lilikuwa limekwisha nitokea, na ukubwa wake ulikuwa huo tu.

Katika mechi kumi za kwanza nilishindwa saba. Moja kati ya hizo umeme ulikatika kweli, nami nikapoteza alama kama nilivyohofu, na hakuna aliyekufa. Alama zangu zikashuka mpaka zilipofika mahali pake, na kutoka hapo nikaanza kushinda moja na kushindwa moja, kama hesabu ilivyotabiri. Sasa nimekwisha cheza mechi zaidi ya mia mbili. Moyo bado huenda mbio. Tofauti ni kwamba siungoji tena utulie ndipo nianze.

Ndugu zangu, msidhani nimekuja kuhubiri kwamba vijana wakeshe kwenye kompyuta. Nyumbani kwangu masomo hutangulia, na mimi mwenyewe nina kipimo cha mechi mbili kwa usiku. Ninalotaka kusema linahusu maisha yetu kwa upana. Katika meza yangu ya ofisini ilikuwamo, kwa miaka mingi, barua ya maombi ya nafasi ya juu iliyokuwa na usaili mbele ya jopo. Nafasi za namna hiyo zilitangazwa mara mbili, na mara mbili barua yangu ilibaki ndani ya mtoto wa meza. Sababu nilizojipa zilikuwa zile zile za intaneti hafifu na kikao cha mapema. Mwaka jana niliipeleka. Nikafanya usaili, na nafasi sikuipata. Nilirudi nyumbani nikafungua daftari, nikaandika maswali mawili niliyoyajibu vibaya. Barua nyingine ipo tayari, na safari hii haimo ndani ya mtoto wa meza.

Nina pendekezo moja kwa Umoja wetu. Kila mwaka tunatoa kikombe kwa mwanafunzi bora. Hilo ni jema, liendelee. Lakini kikombe humfundisha mmoja namna ya kushinda, nao wengine huwafundisha kukaa mbali na mashindano. Naomba tuchange tununue mbao za bao, drafti na sataranji, na shule iweke siku moja katika kila muhula ambapo kila mwanafunzi atacheza na anayelingana naye, mechi nyingi, ashinde nyingine na ashindwe nyingine kabla jua halijatua. Mtoto aliyeshindwa mara tano kwa siku moja, akala chakula chake cha jioni kwa furaha, amepata elimu ambayo mimi sikuipata mpaka nilipozidi miaka arobaini.

La mwisho, Ndugu Mwenyekiti, nina deni. Yule mwenzetu aliyepanda lori mwaka 1998 yumo humu ukumbini, naye hata sasa ananitazama. Ndugu yangu, tumbo halikuwa likiniuma. Uliubeba mzigo wangu, ukashindwa kwa niaba yangu mbele ya watu, na mimi kwa miaka yote hii nimekaa nikijisifu moyoni kwamba ningeliweza ulilolishindwa wewe. Naomba radhi mbele ya hawa wote. Katika mkoba wangu nimekuja na boksi lililochorwa kwa kalamu na vizibo 24. Baada ya kikao hiki nitakaa chini ya mwembe ule karibu na bwalo, na yeyote atakaye aje, bali nakuomba uwe wa kwanza. Nasikia umekuwa mchezaji mkali sana. Nina hamu.